Mita Sita na Nusu za Barabara

Saa moja kasorobo asubuhi, katikati ya mwezi wa Februari, jua la Dar es Salaam limekwisha kuchomoza na vivuli vimeanza kuonekana. Wakati huohuo huko Kanoni, katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, ndiyo kwanza kunapambazuka. Saa ni moja kwa nchi nzima, ila jua halifuati amri ya saa. Wakati wa Tanzania umepimwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haugusi ardhi ya nchi bali hupita baharini, mbali na pwani. Karagwe iko karibu na digrii 31. Kwa kuwa dunia huchukua dakika 4 kugeuka digrii 1, jua la Karagwe huwa nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika zipatazo 55, na nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu saa.

Mkulima aamkaye kwenda kwenye migomba na mibuni yake hasumbuliwi na hesabu hii, maana yeye huongozwa na mwanga. Mwanafunzi huongozwa na kengele. Hutakiwa kuwahi namba, kufagia uwanja na pengine kufika na dumu la maji, na kwa hiyo katika baadhi ya miezi ya mwaka sehemu ya safari yake huwa katika giza la alfajiri au katika ukungu ulalao mabondeni. Miinuko mingi ya Karagwe inazidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, na mtoto huvaa sweta juu ya shati lake jeupe. Hapo ndipo rangi pekee ambayo ingemsaidia kuonekana inapofunikwa. Mtu aliyevaa nguo za rangi nzito huonekana katika taa za gari zilizoinamishwa kwa umbali wa mita 30 hivi. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa katika barabara kavu ya lami huhitaji mita zipatazo 37 ili lisimame. Tofauti ya mita 7 baina ya hesabu hizo mbili ndiyo mahali anapokufa mtoto.

Kuna sababu za kihistoria zinazoifanya shule ya msingi ya Tanzania ionekane mara kwa mara kando ya barabara. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa operesheni ya vijiji, makazi mengi ya nchi yalipangwa kando ya barabara ili huduma ziweze kufika. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwishoni mwa mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na matofali, mawe na mabati hupelekwa kwa urahisi pale lori linapofika. Katika nchi ya migomba, kama Karagwe, watu walikuwa na makazi ya kudumu tangu zamani, lakini barabara zake nazo hufuata migongo ya vilima na makazi yaliyoko huko, na shule hufuata zote mbili. Mwaka 1977 uamuzi huo haukuwa na hatari kubwa. Magari yalikuwa machache, na barabara yenyewe haikuruhusu mwendo.

Barabara ya kutoka Kyaka hadi Bugene, yenye urefu wa kilomita 59, kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, vumbi na mashimo. Katika muongo wa 2010 ilitiwa lami. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeililia barabara ya zamani. Mama mjamzito hufika hospitali mapema, kahawa hufika kiwandani, na nauli ya basi si adhabu tena. Lakini yafaa ikubaliwe kwamba shimo lilikuwa askari wa usalama barabarani asiyelala wala kwenda likizo. Lilipofukiwa, kazi yake haikukabidhiwa kwa mtu yeyote. Ndivyo ilivyotokea katika nchi nyingi zinazoendelea, wala si Karagwe peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani, zaidi ya mmoja katika kila watano akiwa mtembea kwa miguu. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna maradhi wala vita vinavyoua zaidi ya barabara.

Ili kuona kinachotokea mbele ya lango la shule, ni lazima kwanza ieleweke tabia ya kitu kizito kinachokwenda. Gari la kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, aliye macho na asiyeshika simu, huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu wake ukanyage breki. Katika sekunde hiyo gari halipungui mwendo hata kidogo; huendelea kama kwamba hakuna kilichoonekana. Baada ya hapo breki huanza kazi, na kazi hiyo hutegemea msuguano baina ya mpira na barabara. Nishati ya mwendo haiongezeki sawasawa na mwendo: gari likizidisha mwendo wake mara 2, nishati huzidi mara 4, na urefu wa kufunga breki nao huzidi mara 4. Katika lami kavu, gari la kilomita 30 kwa saa hutumia mita 8 za kutambua na mita 5 za kufunga breki, jumla mita 13 na kitu. La kilomita 50 hutumia mita 14 na 14, jumla 28. La kilomita 80 hutumia 22 na 36, jumla 58.

Sasa msomaji na ayaweke magari mawili sambamba, moja la kilomita 30 kwa saa na jingine la kilomita 50, na mbele yao, mita 13 na nusu, atokee mtoto anayekimbilia mpira. Gari la kwanza husimama mbele ya miguu yake. Gari la pili hufika pale alipo mtoto kabla dereva hajagusa breki, nalo humgonga kwa kilomita 50 kamili. Watu wengi hudhani kwamba lile la pili lingemgonga polepole, kwa sababu limezidi lile la kwanza kwa kilomita 20 tu. Hesabu haikubali dhana hiyo, na pengine hakuna hesabu nyingine ya fizikia ya kidato cha pili ambayo ingefaa zaidi kufundishwa kwa madereva.

Kuhusu kinachompata aliyegongwa, takwimu zilizokaririwa kwa miaka mingi zilitokana na ajali zilizoandikwa zaidi pale zilipokuwa mbaya, na kwa hiyo zilitia chumvi hatari ya mwendo mdogo na wa kati. Uchunguzi wa Rosén na Sander, uliotangazwa mwaka 2009 kwa kutumia ajali za Ujerumani zilizosahihishwa kasoro hiyo, ulishusha tarakimu lakini haukubadili umbo la habari: hatari ya mtu mzima kufa akigongwa na gari kwa kilomita 50 kwa saa ni zaidi ya mara 2 ya hatari ya kilomita 40, na zaidi ya mara 5 ya hatari ya kilomita 30. Hayo ni ya Ujerumani, ambako gari la wagonjwa hufika kwa dakika chache na bonde la kulaza majeruhi halipo baina ya ajali na hospitali.

Hesabu zote hizo ni za lami kavu na tambarare. Karagwe si tambarare. Ni nchi ya matuta marefu ya vilima yaliyopangwa sambamba, na barabara yake hupanda mgongo mmoja, ikashuka bondeni kwenye maji, ikapanda tena. Chukua mteremko wa mita 8 kwa kila mita 100, ambao si wa ajabu huko, na mvua ya masika iliyolowesha uso wa barabara hata msuguano ukapungua kwa karibu nusu. Gari lilelile la kilomita 50 kwa saa, lililokuwa likisimama kwa mita 28, sasa huhitaji kama mita 45. Katika barabara ya changarawe hali ni nyingine tena, kwani kokoto zilizolegea huwa kama gololi chini ya gurudumu, na pikipiki iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi hailindwi na breki bali na dua ya mwenye nayo.

Kilele cha kilima huleta matatizo ya aina yake. Dereva anayepanda haoni kilicho ng'ambo mpaka afike juu, na mtoto wa darasa la kwanza, ambaye macho yake yako mita 1 na kidogo kutoka ardhini, haoni paa la gari mpaka liwe karibu. Mtu mzima aliyesimama palepale huliona mapema zaidi. Ndiyo maana mwalimu mrefu aliyekagua mahali pa kuvukia na kupaona pana usalama anaweza kuwa amekosea kwa uaminifu kabisa. Yafaa achuchumae, kisha atazame tena. Mahindi yaliyopandwa hadi ukingoni mwa mtaro, au migomba iliyoinamia njia, hayamzuii yeye, humzuia mtoto.

Upana wa barabara ya njia mbili ni kama mita 6 na nusu. Mtoto atembeaye mita 1.2 kwa sekunde hutumia sekunde 5 na nusu hivi kufika upande wa pili. Katika muda huo gari la kilomita 30 kwa saa husogea mita 45, na la kilomita 80 husogea mita 120. Mtoto, kwa hiyo, anatakiwa kila asubuhi atatue fumbo lifuatalo bila kalamu: je, gari lile liko zaidi ya mita 45, au zaidi ya mita 120, na ni lipi kati ya hayo mawili ninalohitaji kujua?

Mwanasaikolojia wa Uswidi, Stina Sandels, aliyewachunguza watoto barabarani katika miaka ya 1960, alifikia uamuzi uliowaudhi wengi wa zama zake: mtoto mdogo hawezi kufundishwa akaimudu barabara ya magari ya kisasa, hata awe na akili na utii kiasi gani, kwa sababu viungo vya utambuzi wake havijakomaa. Barabara ndiyo inayopaswa kumfuata mtoto. Miaka zaidi ya 40 baadaye, John Wann na wenzake wa Chuo Kikuu cha London walipima jambo hilo kwa vipimo vya macho. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi, katika hali fulani za kutazama, hawawezi kutambua kwa uhakika kwamba gari linawajia ikiwa mwendo wake unazidi kilomita 32 hivi kwa saa.

Sababu yake ni ya kijiometri na inastahili kuelezwa, kwa maana inakwenda kinyume cha matarajio. Gari linalokuja moja kwa moja halihami kushoto wala kulia katika jicho la mtazamaji. Dalili pekee ya mwendo wake ni kwamba umbo lake linapanuka. Jicho hupima kasi ya kupanuka huko. Tuseme magari mawili yote yamebakiza sekunde 5 yamfikie mtoto. La kilomita 30 kwa saa liko mita 42; la kilomita 80 liko mita 111. Kwa kuwa la pili liko mbali, umbo lake ni dogo, na hupanuka polepole kuliko la kwanza, kwa kasi isiyofikia nusu. Ndiyo kusema kwamba kadiri gari linavyokwenda mbio zaidi, ndivyo linavyoonekana kana kwamba limesimama. Pikipiki ni mbaya zaidi, kwa kuwa upana wake wa mbele haufiki nusu ya ule wa gari: pikipiki ya kilomita 80 kwa saa, ikiwa sekunde 5 mbali, hupanuka machoni kwa karibu moja ya sita tu ya kasi ya lile gari la kilomita 30. Bodaboda imekuwa chombo kikuu cha usafiri vijijini, na jicho la mtoto halikuumbwa liione.

Hivyo basi wimbo wa kutazama kulia, kushoto na kulia tena, ambao kila shule huufundisha, ni wa kweli na ni wa lazima, lakini una mpaka. Mtoto aliyetazama kulia, akaona, na bado akavuka, huenda hakuasi. Alitii kila neno, ila macho yake yalimpa taarifa pungufu. Wazazi na walimu ambao baada ya ajali huuliza kwa nini hakuwa mwangalifu wanastahili kuijua habari hii.

Watu wengi wakifikiri juu ya dawa, hufikiri kwanza juu ya rangi. Milia ya pundamilia ilianza rasmi Uingereza mwaka 1951, baada ya majaribio mengi ya kupaka alama za namna mbalimbali, nayo ikaenea ulimwenguni. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inamlinda mtu aliye kwenye kivuko, na mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Je, rangi peke yake hulinda? Uchunguzi uliofanywa San Diego, Marekani, na kutangazwa mwaka 1972, ulishtua watu kwa kuonyesha kwamba vivuko vilivyopakwa rangi vilikuwa na ajali nyingi kuliko visivyopakwa. Ulibishaniwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi mpana zaidi wa nchi hiyohiyo, wa vivuko 1,000 vyenye rangi na 1,000 visivyo na rangi katika miji 30, ulitoa jibu la utulivu: katika barabara za njia mbili rangi peke yake haikuongeza wala kupunguza ajali, na katika barabara pana zenye magari mengi iliziongeza. Mvukaji huiamini rangi, dereva huipita. Pale Karagwe kuna la zaidi. Udongo mwekundu unaobebwa na magurudumu kutoka njia za pembeni huifunika milia kwa msimu mmoja wa mvua, na barabara ya changarawe haipakiki rangi kabisa.

Kinachofanya kazi ni kumlazimisha dereva apunguze mwendo hata asipopenda, na chombo cha zamani cha kazi hiyo ni tuta. Tuta nalo lina sayansi yake. Mnamo mwaka 1973 mtaalamu wa Maabara ya Utafiti wa Usafiri na Barabara ya Uingereza, aitwaye Watts, alitangaza matokeo ya majaribio ya matuta ya maumbo mengi. Aligundua kwamba tuta fupi, lenye urefu mdogo kuliko gurudumu, humsumbua anayekwenda polepole na kumsamehe anayekwenda mbio, kwa sababu katika mwendo mkubwa mpira na springi humeza pigo kabla halijafika kwenye kiti. Tuta refu, lenye mita 3.66 kutoka mwanzo hadi mwisho wake na kimo cha sentimita 10 tu, hufanya kinyume: wa polepole hupita bila shida, na wa mbio hurushwa. Umbo hilo bado hutumiwa.

Ipo desturi katika vijiji vingi ya wananchi wenye uchungu kwenda barabarani usiku baada ya mtoto kugongwa, wakaweka magogo au kurundika udongo. Hasira yao ni ya haki. Lakini tuta la magogo ni tuta fupi, tena halina alama, na anayeanguka juu yake aghalabu ni mwendesha baiskeli au bodaboda aliyempakia mgonjwa, huku lori likipita bila kutikisika.

Njia iliyopimwa vizuri zaidi katika Tanzania yenyewe ni ile ya Dar es Salaam. Shirika liitwalo Amend lilianzisha huko mpango uitwao kwa kifupi SARSAI, wa kukagua na kuboresha maeneo yanayozunguka shule. Wakaguzi hawakuanza na ramani. Waliwauliza watoto wanakaa wapi, wanapita wapi na waligongewa wapi. Kisha wakatembea nao. Baada ya hapo yalifanywa mambo madogo: matuta, milia juu yake, njia ya kutembea iliyotengwa na magari kwa vigingi, alama, na mara nyingine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kuu hadi ubavuni. Kuhamisha lango ni dawa ya fundi mwashi na siku chache za kazi, na bado ni katika zile zinazosahaulika mno. Kengele ya kutoka ikilia, mamia ya watoto humiminika kama maji. Lango likitazama barabara, maji hayo huingia barabarani, na likitazama uwanja au njia ya ndani, hutawanyika kwanza.

Lililo la thamani zaidi kwa sayansi ni kwamba kazi hiyo ilipimwa. Shule 9 zilifanyiwa marekebisho na nyingine 9 zinazofanana nazo zikaachwa kwanza kama zilivyo, ili ziwe kipimo. Watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza habari za majeruhi, kwa zaidi ya watoto 12,000, badala ya kutegemea kumbukumbu za polisi ambazo hukosa wengi waliotibiwa nyumbani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba majeruhi wa barabarani katika watoto wa shule zilizorekebishwa walipungua kwa asilimia 26. Mwaka huohuo mpango ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia ya Marekani, wakati huo ukiwa umefika katika maeneo 50 ya shule ndani ya nchi 9. Asilimia 26 si muujiza. Watoto watatu kati ya wanne ambao wangejeruhiwa bado walijeruhiwa, na mtu anayeahidi zaidi ya hapo kwa matuta na vigingi peke yake adaiwe ushahidi.

Dar es Salaam si Kanoni, na yasiyofanana hayana budi kutajwa. Tuta katika mteremko wa changarawe huwa boma la maji: mvua ya masika hulifikia, hukosa pa kwenda, kisha hulikata katikati na kuacha korongo ambalo ni hatari kuliko kukosa tuta. Kwa hiyo katika barabara ya aina hiyo tuta hujengwa kwa mawe yaliyoshikizwa kwa saruji, nalo hupewa mtaro pande zote mbili na mwinamo wa kutoa maji. Haliwekwi mara baada ya kilele, ambapo dereva hulikuta kwa ghafla. Huwekwa mahali linapoonekana, na alama yake hutangulia. Pale Suhum, nchini Ghana, katika barabara ya Accra kwenda Kumasi, lilitumiwa jambo jingine: mistari ya kutetemesha magurudumu kabla ya njia panda yenye ajali nyingi. Ajali zilipungua kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa asilimia 55. Hiyo ilikuwa barabara ya lami iendayo mbali, yenye malori, na kwa hilo inafanana na barabara ya Kyaka kuliko mitaa ya Dar es Salaam.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi ambapo malori ya kahawa hupita, kila lori katika barabara ya changarawe huacha nyuma yake wingu zito. Mtoto aliyengoja lori lipite huvuka mara linapopita, kama alivyofundishwa. Ndani ya wingu lile kuna pikipiki inayojaribu kulipita lori, au gari linalotoka upande wa pili ambalo dereva wake haoni kitu. Hapa kanuni rahisi, ya kuhesabu polepole hadi vumbi litulie na ukingo wa pili uonekane wote, ina faida kuliko wimbo wowote. Kilomita 30 kwa saa hupunguza pia vumbi lenyewe, kwa maana wingu hukua na mwendo.

Mwezi Februari mwaka 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm ulipendekeza kilomita 30 kwa saa kuwa mwendo wa juu popote watu na magari wanapochanganyika. Baina ya pendekezo la Stockholm na lango la shule ya kata kuna ofisi, na kwanza ijulikane ni ofisi ipi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua nyingi za kamati za shule hupotea kwa kupelekwa mahali pasipohusika, na nyingine hukaa kwa sababu zinasema tu kwamba magari yanakwenda mbio sana. Mhandisi hawezi kukadiria neno "sana".

Neno hilo laweza kugeuzwa tarakimu na mwalimu wa sayansi na wanafunzi wa darasa la saba kwa asubuhi moja. Hupimwa mita 50 kwa futi kamba kando ya barabara, mbali na ukingo, na kigingi husimikwa kila mwisho. Mwanafunzi mmoja huinua mkono gari linapofikia kigingi cha kwanza. Wa pili, mwenye saa ya kuhesabu sekunde, hulifuata mpaka kigingi cha pili. Namba 180 ikigawanywa kwa sekunde zilizopatikana hutoa kilomita kwa saa: sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni kilomita 50, na sekunde 2 ni kilomita 90. Wa tatu huandika aina ya chombo, na wa nne huhesabu watoto waliovuka na mahali walipovukia, ambapo mara nyingi hapatakuwa mbele ya lango kama watu wazima wanavyodhani. Hatimaye magari hupangwa kutoka la polepole hadi la mbio, na hutafutwa lile ambalo asilimia 85 ya magari hayalizidi. Wahandisi wa barabara hutumia mwendo huo katika mipango yao, na barua inayoutaja husomwa. Upimaji ufanywe asubuhi wakati wa kuwahi namba, tena wakati wa kutoka, na urudiwe siku ya gulio. Karatasi ya daftari la mistari yenye safu nne yatosha.